Tone la Tatu

Saa nane na robo usiku, wadi ya upasuaji, Pinerolo.
Ukungu wa Novemba umelala juu ya maegesho
kama mpangaji asiyelipa kodi.

Kitanda cha kumi na moja: Delfina Bertolotto, miaka sabini na minne.
Jioni alitolewa kibofu cha nyongo.
Nusukaputi imemrudisha nusu;
nusu ya pili bado inayumba huko ilikoachwa,
na hii iliyorudi inaniambia:
"Binti, moyo unanichafuka."

Dawa ya kwanza nimeshampa. Ya pili haijafika saa yake.
Kila tumbo likipanda
mishono yake minne huvutwa kwa kamba moja,
naye hushika ukingo wa kitanda,
hatapiki, hatulii.

Kwenye droo yetu, kati ya plasta na kalamu zisizoandika,
kuna kichupa cha kahawia: mafuta ya mnanaa.
Tulikipata kwa vikao vitatu
na sahihi ya daktari Fiorenzo, asiyeamini,
aliyesema tu kwamba pamba haijawahi kumwua mtu.

Nikadondosha matone mawili.
"Vuta kwa pua, polepole. Toa kwa mdomo."

Akavuta. Akakunja uso.
Akafungua jicho moja, la kushoto.
"Hii mmeinunua wapi?"
Sikujua. Stoo.
"Si ya kwetu."

Kwao ni Pancalieri, kule mashamba ya mnanaa,
na miaka arobaini na mmoja alisimama mbele ya mtambo
akikeneka majani kwa mvuke,
Agosti yote, kope zikichoma,
mumewe Secondo akipakia kwa uma,
yeye akihesabu mitungi.

Akavuta tena. Safari hii alivuta kikazi,
kama mkwe anayeonja mchuzi wa jirani.
"Mwanzo una baridi, sawa.
Katikati pana nyasi. Walivuna na umande, wavivu hao.
Na mwisho..."
Nikangoja.
"Mwisho haina. Mnanaa mzuri una mwisho."

Akavuta mara ya tatu, kuhakikisha.
Mara ya nne, kunionyesha mimi mahali penye kosa.
Nikainama, nikanusa naye, sikuona kosa lolote,
nikaitikia.

Kisha akanyamaza.
"Secondo alinuka hivi mpaka ndani ya masikio.
Tulimzika na suti mpya, ya dukani,
na kanisa zima bado likanuka mnanaa.
Tangu siku ile sijaweka hata peremende mdomoni."

Macho hayana pazia, husemwa.
Pua nayo haina mlango.
Nikanyoosha mkono niiondoe ile pamba,
niombe radhi, nilete limau, nilete chochote,
naye akanishika kifundo cha mkono
kwa nguvu ambazo mgonjwa wa saa nane usiku hana.
"Acha."

Akavuta kwa pua, polepole.
Akatoa kwa mdomo.
Rangi ikaanza kurudi, kwanza kwenye midomo,
kama mtu anayeingia nyumbani kimyakimya
ameshika viatu mkononi.

Saa nane na dakika arobaini niliandika kwenye faili:
kichefuchefu, kutoka nane hadi tatu.
Fomu ina kisanduku cha mapigo ya moyo, cha joto, cha mkojo.
Cha Secondo hakimo.
Kama ni mafuta, au ni pumzi, au ni saa tu kupita,
au ni ubishi, sijui,
na Fiorenzo akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo.

Beseni nikalirudisha rafuni, kavu.
Nilipozima taa ya kichwani pake
sauti ikanifuata gizani:

"Binti. Ongeza tone moja.
Mbaya hivyo hivyo."